Nilikwenda kupimwa mlimani, nikakuta akidi imetimia

Wiki ya mbalamwezi sisi watu wa dagaa hatuna kazi ya maana. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala ufukweni, na soko letu la samaki la Mwaloni pale Kirumba linapoa mpaka unasikia kunguru wakigombana. Ndiyo wiki niliyoichagua kwenda kupima. Wiki nyingine yoyote ningejiambia sina muda, kama nilivyojiambia tangu nifikishe miaka arobaini. Sasa nina 47.

Ninachotolea maoni hapa ni kifurushi cha kupima afya kwenye kituo kimoja binafsi, kidogo, hapa hapa Mwanza. Jina silitaji. Mwenye kituo ananunua dagaa kwangu: nikimsifia ataomba punguzo, nikimsema vibaya atahamia meza ya jirani. Anayekijua atakijua kwa ngazi.

Tuanze na hizo ngazi, maana zilitaka kuniharibia kila kitu. Bodaboda inakushusha kwenye lami, kisha unapanda ngazi za mawe sitini na ushee katikati ya majabali, unapita nyuma ya majiko ya watu na kamba zao za nguo. Nilizihesabu wakati wa kushuka. Wakati wa kupanda sikuwa na pumzi ya kuhesabu. Juu pale ziwa lote liko mbele yako, pazuri kwa kweli. Ila hujafuta hata jasho, binti wa mapokezi anakuambia, "Mama, kaa hapa tuchukue presha." Mkanda wenyewe ulikuwa wa mtu mwembamba. Sehemu ya kunata ilishika kwa ncha tu, hewa ilipojaa ikaachia kwa mlio kama kanga inayochanwa. Akaufunga tena, akaushikilia kwa mkono wake. Mashine ikasoma 149 kwa 93.

Wifi yangu, niliyekuja naye, akashika mdomo. Mimi nikaanza kuhesabu wanangu wangapi bado wanasoma.

Kilichokiokoa kituo hiki machoni pangu ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyetoka chumba cha ndani. Aliniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akatazama mkanda, akatazama mkono wangu, kisha akamgeukia binti. "Aliyetoka kupanda ngazi hapimwi hapo hapo. Na huu mkanda ni mdogo kwake, utamwongezea presha asiyo nayo." Akaniuliza kama nimekunywa kahawa, kama nimevuta sigara, kama nimekwenda haja ndogo. Nilikuwa sijakwenda. Nikaenda. Niliporudi akanikalisha kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na amri ya kunyamaza dakika tano. Wifi akaanza kunisimulia habari za msiba wa Igoma, naye akanyamazishwa. Mkanda mpana, vipimo viwili: 134 kwa 86, halafu 132 kwa 86.

Kwa hiyo kama umewahi kupimwa ukihema, kwa mkanda uliokubana, na ukarudi nyumbani na hofu au na dawa, jua kwamba namba inaweza kupanda hivyo kwa uzembe tu. Kituo kinastahili kulaumiwa kwa dakika kumi za kwanza. Kinastahili pongezi kwa zilizofuata.

Baada ya hapo ikaja futikamba. Mimi nilidhani nimelipia mashine. Kwa shilingi elfu sitini nilizotoa nilitarajia vyumba vya vioo na vitu vinavyolia tii-tii. Kumbe kitu cha kwanza cha maana kilikuwa ni futikamba ya fundi cherehani, ya manjano, imechakaa ncha. Muuguzi hakunipima pale ninapofungia kanga. Alitafuta kwa vidole mwisho wa ubavu, akatafuta juu ya mfupa wa nyonga, akaweka futi katikati ya hapo, akaikagua mgongoni isiwe imeshuka, akaniambia nitoe pumzi kawaida. Niliivuta ndani, kama mwanamke yeyote mwenye akili. Akasubiri. Pumzi zikaisha, tumbo likarudi mahali pake. Sentimita 103.

Wifi, ambaye ni mwembamba wa mikono na miguu na anafanya kazi ya uwakala wa pesa za simu kutwa ndani ya kibanda, alipata 84. Hapo kukatokea ubishi ambao niliupenda. Ukutani kulikuwa na bango linalosema mwanamke asizidi 88. Wifi akacheka, "Mimi nimepita." Muuguzi akamwambia hajapita. Namba za 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanaume ni za Wamarekani. Shirikisho la kimataifa la kisukari, lilipotoa vipimo vyake mwaka 2005, liliwawekea Waafrika wa kusini mwa Sahara namba za Wazungu wa Ulaya, 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume, mpaka zipatikane za kwetu wenyewe. Yaani kiuno cha Msukuma kinapimwa kwa nguo ya kuazima. Hapo kituoni wanatumia 80, kwa hoja kwamba bora umshtue mtu mapema. Sina ugomvi na hilo, ila washushe lile bango.

Damu walichukua mara moja, haraka, bila kunitoboa mara mbili. Wanataka uwe umefunga usiku mzima, masaa nane mpaka kumi na mawili, maji tu ruksa. Binti anayetoa damu ana mkono mwepesi, apewe alama zote.

Kungoja majibu ndipo nilipokasirika mara ya pili. Benchi limejaa, watu tunafahamiana, nusu yetu tunakopeshana. Mlango unafunguliwa, kijana wa maabara anachungulia na karatasi: "Mama wa sukari 6.0 yuko wapi?" Sikuitika. Akarudia. Wifi akanionyesha kwa kidole, na mwanaume mmoja wa nyavu ninayemdai akanitazama kwa huruma. Jamani, mtu ana jina. Na kama hamtaki kutaja jina, ana namba ya risiti. Nilimwambia daktari, akaomba radhi. Miezi mitatu baadaye niliporudi walikuwa wanaita kwa namba, kwa hiyo ninaiandika kama kasoro iliyorekebishwa.

Sasa daktari. Kijana, umri wa mwanangu wa pili. "Shikamoo mama." Marahaba. Alikuwa na kalamu na karatasi tupu, akaandika mambo matano kwa mstari wa kushuka: kiuno, presha, sukari ya kufunga, mafuta yanayoitwa traiglisaraidi, na kolesteroli nzuri, ile ya HDL. Mbele ya kila moja akaandika mpaka wake. Presha 130 kwa 85 kwenda juu. Sukari 5.6 kwenda juu. Traiglisaraidi 1.7 kwenda juu. HDL ndiyo kinyume, hiyo kosa lake ni kushuka: chini ya 1.3 kwa mwanamke, chini ya 1.0 kwa mwanaume. Kisha akaandika namba zangu pembeni. Presha yangu mmeiona. Sukari 6.0. Traiglisaraidi 1.2, safi. HDL 1.1.

"Yakifika matatu kati ya haya matano," akasema, "tunayaita kwa pamoja sindromu ya metaboli."

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu pale Mwaloni kwa mwaka wa sita. Nilimwambia hiyo ni akidi. Wajumbe watano, wakifika watatu kikao kinaendelea na maamuzi yanapita hata kama wengine hawajaja. Alicheka, akasema ataiiba hiyo. Kwangu wamefika wanne. Mjumbe mmoja tu ametoa udhuru.

Hapa ndipo thamani ya elfu sitini ilipo, nieleweke vizuri. Namba hizi mojamoja nilishazisikia. Miaka mitatu iliyopita, kwenye zahanati nyingine, niliambiwa nina "presha kidogo". Wakati wa ujauzito wa mwisho, "sukari imepanda kidogo, itashuka". Kitambi nacho hapa kwetu ni dalili kwamba biashara inakwenda. Kidogo hapa, kidogo pale, na hakuna aliyeziweka kwenye karatasi moja. Daktari huyu aliniambia mtu mwenye akidi hii hatari yake ya kupata kisukari ni kama mara tano ya asiye nayo, na ya magonjwa ya moyo na kiharusi ni kama mara mbili, ndani ya miaka mitano mpaka kumi hivi. Sukari yangu yenyewe bado si kisukari, hicho kinaanzia 7.0 ya kufunga. Niko barazani, sijaingia ndani.

Nilimuuliza kuhusu yule mjumbe aliyetoa udhuru, nikitaka angalau nisifiwe kwa mafuta. Hakunisifia. Alisema kwa watu wenye asili ya Afrika haya mafuta mara nyingi huonekana mazuri hata pale mwili unapokuwa umeanza kuikataa insulini, kwa hiyo nisiyafanye blanketi la kujifunikia. Insulini aliieleza hivi: ni ufunguo wa kuingizia sukari kwenye misuli. Mafuta yakijaa tumboni, ndani kabisa kuzunguka ini na utumbo, kufuli zinaanza kuwa ngumu. Mwili unatoa funguo nyingi zaidi. Miaka inapita damu ikionekana nzuri, kumbe kongosho inafanya kazi ya watu wawili. Baadaye nikasoma mwenyewe kwamba daktari mmoja Mmarekani, Gerald Reaven, ndiye aliyeyafunga mambo haya kwenye fungu moja mwaka 1988, akaliita sindromu X. Cha kuchekesha ni kwamba kiuno hakikuwemo kwenye fungu lake. Leo ndicho wanachoanza nacho.

Maswali yake yalikuwa marefu kuliko ya mshenga. Mama yako alikuwa na sukari? Alikuwa nayo, na ilimkata mguu. Unalala saa ngapi? Hapo nikacheka. Giza la mwezi likiingia mimi saa tisa usiku niko njiani, mitumbwi inafika alfajiri na mwenye kuchelewa ananunua mabaki. Nalala masaa manne, matano nikibahatika. Aliandika hilo kwa kulipigia mstari. Sikujua usingizi nao ni mjumbe wa nyuma ya pazia. Unakaa kwa muda gani? Kutwa. Wabebaji wanabeba, wanawake wa kuanika wanaanika, mimi nakaa kwenye meza na simu mbili na daftari. Mama yangu aliyekuwa analima pamba Misungwi hakukaa hivyo. Sigara hapana. Bia, mbili za Jumamosi, sawa, tatu.

Soda? Hapa ndipo nilipofedheheka. Mteja akija mezani kwangu, hasa wale wa magari ya kwenda Kongo, nampa soda, na ni adabu kunywa naye. Wateja wanne, soda nne. Daktari akanionyesha kwenye simu yake picha ya nyuma ya chupa: chupa ya mililita 350 ina sukari gramu thelathini na kitu. Nne ni zaidi ya gramu 120. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana 25. Hapo chai ya asubuhi yenye vijiko vinne hatujaigusa. Nilikuwa nanyweshwa na heshima.

Wifi naye aliingia na kutoka na lake. Presha 118 kwa 76, sukari 5.1, kila kitu kizuri, alama moja tu ya kiuno. Lakini alipotaja kwamba mtoto wake wa pili alizaliwa na kilo nne na nusu na kwamba alikuwa na sukari ya mimba, daktari alimwambia hilo halifutiki kwa kuwa mwembamba: sukari apime kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu, maisha yake yote. Aliambiwa pia dawa nazo ziulizwe, kwa sababu baadhi ya dawa za akili na za kutuliza uvimbe huongeza uzito na sukari, na mtu asiziache mwenyewe kwa hofu, akamwone aliyempa. Wifi aliyekuja kunisindikiza aliondoka na miadi. Mimi nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Kitu kibaya kuliko vyote kwenye kifurushi kile ni karatasi ya lishe. Imechapwa vizuri, rangi mbili. Inasema kula samoni, brokoli, shayiri, mafuta ya zeituni. Niko mita mia tatu kutoka ziwa lenye sato na dagaa, na karatasi inanipeleka Norwei! Hakuna mlenda, hakuna mgagani, hakuna dona, hakuna neno kuhusu ugali wa udaga (muhogo uliochachushwa) wala michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), vitu ambavyo mtu wa Mwanza anavila kila wiki na angependa kujua avile kiasi gani. Muuguzi yule yule ndiye aliyenirekebishia kwa mdomo: sato mchemsho badala ya wa kukaanga, dagaa wa kuanikwa juani badala ya wa chumvi, ugali ukubwa wa ngumi yangu na mboga ijaze nusu ya sahani, michembe ni wanga kama ugali kwa hiyo ukiila punguza ugali, usiongeze juu yake. Chumvi kijiko kimoja cha chai kwa siku, hapo hapo ikiwemo ya kachumbari. Hayo ndiyo yangepaswa kuchapwa. Nikamwambia daktari nitawaandikia mimi bure.

Na mlangoni, wakati wa kutoka, kijana amepanga meza ya "chai ya kuyeyusha kitambi". Elfu themanini na tano, zaidi ya kifurushi chote cha vipimo. Alijua kiuno changu! Alisema, "Mama, mia na tatu inashuka ndani ya wiki mbili." Nani alimwambia? Hili nimelilalamikia kwa maandishi, na mpaka ninapoandika, meza bado ipo. Hapo nakata nyota mbili nzima. Huwezi kumwambia mtu ukweli chumba cha ndani halafu ukamuuzia uongo mlangoni.

Ushauri wa ndani ulikuwa wa bei nafuu zaidi. Daktari alinitajia utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002: watu waliokuwa barazani kama mimi, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, kwa asilimia 31. Mimi nina kilo 86. Asilimia 7 ni kilo 6. Kilo 6 nazijua kwa mkono, hazinitishi.

Nilifanya nini? Soda za wateja zipo, mimi nakunywa maji kwenye chupa ile ile ya soda, hakuna anayegundua. Bodaboda ya kurudi nyumbani jioni nimeiacha, natembea kutoka Kirumba mpaka Pasiansi. Usingizi sijauweza, wiki za giza ni zile zile. Wiki za mbalamwezi nalala kama mtoto. Miezi mitatu baadaye nilipanda tena zile ngazi, nikalipia presha na kiuno tu. Kilo 82. Kiuno 98. Presha, baada ya dakika tano za kunyamaza na mkanda mpana ambao sasa unaning'inia ukutani mahali pa wazi, 126 kwa 82. Mjumbe mmoja ametoka kikaoni. Sukari na HDL tutazipima mwezi wa sita.

Kwa anayetaka kwenda: wanafungua saa moja asubuhi, nenda saa hiyo hiyo kwa sababu umefunga na foleni ya saa tatu itakuzimisha. Wanapokea pesa za simu. Wakikukuta na namba mbaya wanakuandikia rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando siku hiyo hiyo, hawakung'ang'anii, nimeliona kwa mzee mmoja aliyekuwa na presha ya 190. Vaa blauzi ya kufunguka. Ukifika juu, kataa kupimwa kwanza, kaa ukutani utazame ziwa. Nyota tatu kati ya tano, na mbili nilizokata wanazijua zilipo.

Futikamba nimeinunua sokoni, shilingi elfu moja. Inakaa kwenye sanduku la kikoba pamoja na muhuri na daftari la faini. Jumapili iliyopita, kabla ya kuhesabu hisa, tulipimana wanawake kumi na wanne nyuma ya magunia. Waliovuta tumbo ndani tuliwasubiri.